Kuni za Kilio cha Joyeuse

Kasika alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba yake, pale Butembo, wakati Syauswa, jirani wa upande wa chini, alipoingia bila kubisha hodi. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimemlegea, na alikuwa anahema kwa sababu ya kupanda.

"Mama Joyeuse, acha kinu kwanza."

"Ni mikono iko natwanga, masikio iko bure. Sema."

"Balimuua Jordy."

Mchi ulibaki hewani. Jordy alikuwa mtoto wa Élise, mama wa nyumba ya ng'ambo ya uzio. Alikuwa mtoto wake wa pekee. Mwaka uliopita alipata kazi ya ualimu katika kijiji kimoja mbele ya Beni, na mama yake alimpikia mikate ya safari.

"Nani alikuambia?"

"Papa yake mwenyewe, Étienne, alipiga simu. Si alikuwa kule Beni kwa kazi ya serikali? Bale batu ya porini balitokea mu barabara jana asubuhi, mutoto alikuwa anaenda kufundisha ku masomo. Hata bic yake ya kuandikia ilibakia mu mufuko."

"Na maiti?"

"Balisha kumuzika kule kule Beni. Hapana njia ya kumuleta, barabara iko imefungwa. Étienne alisimama ku kaburi na balimu wenzake tu. Mama yake hakumuona. Hata uso, Mama Joyeuse. Hata uso hakuona."

Ndipo kitu kikafunguka katika kifua cha Kasika, kitu cha moto, kama uji unaposhuka tumboni asubuhi ya baridi. Alisema neno ambalo kila mtu husema, "Yesu wangu." Lakini lilitoka jepesi, bila uzito wowote, na Syauswa alilisikia hivyo.

"Sema tu ukweli," Syauswa akanong'ona. "Ni miye peke yangu hapa."

"Ukweli gani?"

"Mungu iko na kumbukumbu."

Kasika akashusha mchi, majani yakaruka, na Syauswa akaenda kuipeleka habari mbele. Haukupita muda mrefu, Kasika akajikuta anaimba. Ulikuwa wimbo wa kupanda viazi, wa kwao Lubero, ambao hakuwa ameuimba tangu zamani. Mchi ulikuwa unaufuata. Akajisikia, akanyamaza, akatazama uzio. Upande wa pili palikuwa kimya kabisa, hata kuku hawakusikika. Angeweza kuacha pale. Aliendelea kuimba, kwa sauti ya chini kidogo.

Mtu asiyemjua Kasika angesema ana roho mbaya. Hakuwa nayo. Ndiye aliyewapa maji ya kunywa wale waliokimbia vita kutoka upande wa Beni walipopita na magodoro vichwani. Lakini kulikuwa na Joyeuse.

Joyeuse alikuwa binti yake. Mwaka ule wa ebola alirudi kutoka Beni akiwa na homa. Kasika akamlaza chumba cha ndani na kufunga dirisha. Siku zile watu waliogopa magari meupe ya riposte, wale waliotumwa kupambana na ugonjwa, kuliko walivyouogopa ugonjwa wenyewe. Walisema anayepakiwa mle harudi. Basi Kasika akamnywesha binti yake maji ya sukari na chumvi, akamfuta jasho, akasali rozari. Na Falonne, mtoto wa Joyeuse, ambaye alikuwa bado mdogo sana, alikataa kulala mahali pengine. Kila siku alilala amejibandika kwenye mgongo wa mama yake.

Élise alikuja kwenye uzio. Yeye na mume wake walikuwa watu wa Kisangani, walioletwa Butembo na kazi ya serikali, na Kiswahili chake kilikuwa bado na Lingala ndani.

"Mama Joyeuse, tuite baminganga, bale ba hospitali."

"Ni malaria."

"Na mutoto anayelala naye?"

"Funga kinywa chako, ukifungie kwako. Hauko mutu wa hapa."

Kesho yake magari meupe yalikuja; Élise alikuwa amepiga simu. Kasika alikuwa jikoni, ameteleka maharagi. Alipotoka, Joyeuse alikuwa anatembea kwa miguu yake mwenyewe kuelekea kwenye gari moja, jipe, ambalo lilisimama upande wa Élise kwa sababu huku kwa Kasika njia ilikuwa na matope. Kabla ya kupanda aligeuka na kusema neno. Injini ilikuwa inanguruma. Kasika hakulisikia neno hilo, na hakumwona tena binti yake. Walimzika watu wenye mavazi meupe na glavu, na yeye alisimama mbali, nyuma ya kamba, akitazama sanduku. Falonne walimchanja na kumfuatilia siku nyingi, na hakuugua. Hilo Kasika hakupenda kulikumbuka.

Nyumbani kilio, yaani matanga, hakikukaliwa. Katika ukoo wa Kasika kuni za kilio ni neno zito. Mtu akifa, kila nyumba inaleta mzigo wa kuni, na moto unawaka uani muda wote watu wanapokaa. Ukiziwasha kuni za jirani, umeyapokea machozi yake. Siku yeye naye akifiwa, unampelekea nyingine. Lakini ukimrudishia zile zile, na kamba yake ile ile, bila kuzifungua, umemwambia kwamba machozi yake uliyakataa, na wewe huna ya kumpa. Kasika aliliona hilo likifanywa mara moja, alipokuwa msichana kule Lubero. Wajukuu wa nyumba zile mbili hawasalimiani mpaka leo.

Wakati wa Joyeuse watu waliogopa kukaribia. Hakuna aliyekuja. Mzigo mmoja tu ulikutwa mlangoni, umefungwa kwa kamba ya nailoni ya buluu. Watu wa hapa hufunga kuni kwa maganda ya mgomba, kwa hiyo Kasika alijua mara moja umetoka wapi. Syauswa alikuwa amemwona Jordy, ambaye wakati ule alikuwa mwanafunzi, akiondoka haraka na kofia imeshushwa usoni. Kasika hakuwasha. Aliupandisha mzigo ule juu ya dari ya jikoni, na moshi wa kila siku ukaufanya mweusi, mpaka kamba ya buluu ikabaki kuonekana kidogo tu pale kwenye fundo.

Mchana ule wa habari za Jordy, wanawake wa avenue, mtaa wao, walikusanyika mbele ya nyumba ya Kasika. Providence, mjane wa nyumba ya kona, alikuwa amebeba unga kwenye beseni.

"Muko nangoja nini?" Kasika akauliza.

"Tuko nangoja weye," Syauswa akasema. "Weye ni mwenye kuumizwa. Ukiingia kwa Élise, tutaingia. Ukibakia, tutabakia."

"Unga iko tayari," Providence akasema, "lakini siwezi kukuruka, mama."

Kasika akaelewa kitu walichokuwa wanamkabidhi. Mume wa Élise alikuwa amekwama Beni. Ndugu zake walikuwa Kisangani, mbali kabisa. Kama avenue haiendi, mwanamke yule atamlilia mtoto wake peke yake na kuta. Kasika alilionja wazo hilo, na lilikuwa tamu. Akainua macho kuelekea jikoni.

"Ngojeni," akasema. "Nitaenda. Nitamupelekea kuni."

Alipotoka na mzigo ule mweusi, Syauswa aliona kamba. Akafunika kinywa kwa mkono, lakini kicheko kilipita katikati ya vidole.

"Yee! Utarudisha zile zile?"

"Zile zile. Na kamba yake."

"Ataelewa kweli? Si mutu wa kuja?"

"Asipoelewa, nyiye mutamufasiria."

Providence hakucheka. Aliinama, akashika mkono wa Kasika uliojaa masizi, akaupangusa kwa ncha ya kitenge chake, taratibu, kama anavyopanguswa mtoto. "Fikiri kwanza, mama," akasema. Kisha akabeba beseni lake akarudi kwake. Wengine nao wakatawanyika kwenda kuvaa nguo za kilio, wakisema watarudi.

Kasika akakaa kizingitini na mzigo miguuni, akauondoa vumbi. Alitaka fundo lile la buluu lionekane vizuri.

Falonne akatoka shuleni, blauzi yake nyeupe imepata doa la wino. Hakukimbilia chungu kama siku nyingine. Alikaa karibu na nyanya yake.

"Ulisikia, Koko?"

"Nilisikia."

"Mwalimu alitusalisha." Akalikwaruza doa la wino. "Basi Mungu alimulipa Élise."

Mkono wa Kasika ukasimama. "Nani alikuambia vile?"

"Si weye, Koko? Kila mwaka, siku mama alikufa. Ulisema, siku moja Élise atalia mutoto wake bila kumuona."

Ni kweli alisema. Alisema huku anamsuka nywele, kichwa cha mtoto kimelala kwenye mapaja yake. Alidhani mtoto amesinzia.

Falonne alikuwa anajaribu kutabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtoto mgeni aliyepewa chakula asichokipenda, naye anataka mwenye nyumba aone kwamba anakula.

"Tuko nafurahi, si ndiyo? Mama Syauswa alisema ulikuwa unaimba."

"Falonne..."

"Nami niko najaribu, Koko. Lakini furaha haikuji." Akafungua mfuko wa shule, akatoa kisanduku cha bati chenye bikari na rula fupi. Kilikuwa na kutu kwenye pembe. "Jordy alinipa mbele ya kwenda Beni. Alikipitisha mu tundu ya uzio. Alisema nisikuonyeshe, utakasirika. Hesabu zote ni yeye alinifundisha, pale pale ku uzio, ukienda soko." Akakishika kwa mikono miwili. "Nilitaka kulia ku masomo. Nikasema, hapana, Koko hatapenda. Sasa tutafurahi mpaka lini?"

Kasika akakitazama kisanduku. Miaka yote alidhani chuki ile ni yake peke yake, kama kidonda kilichofunikwa na nguo. Hakujua kwamba alikuwa anamlisha mtoto nayo, kijiko kwa kijiko, pamoja na uji.

"Lia," akasema. "Lia, mama yangu. Nani alikukataza?"

Falonne akalia. Alianza na jina la Jordy, na katikati ya kilio akaanza kuita mama.

"Sikumbuki sura yake, Koko. Naonaka picha, lakini sikumbuki. Nakumbuka tu mugongo yake. Ilikuwa moto sana."

Kasika akamkumbatia kwa nguvu hata kile kisanduku kikamchoma kifuani. Mgongo ulikuwa moto sana. Na mtoto alikuwa amejibandika pale, na yeye, Kasika, aliyekuwa mkubwa ndani ya nyumba, alifunga dirisha akasema ni malaria. Kama magari yale yasingekuja, Falonne angelala tena kwenye moto ule, na tena. Hili halikuwa jambo jipya. Alikuwa analijua tangu siku ileile, na kila lilipoinua kichwa alilikalia.

Walipotulia, Kasika aliingia ndani akaleta kisu. Akakata kamba ya buluu.

"Koko, unafanya nini?"

"Niko nawasha kuni za mama yako. Zilingoja sana."

Wakazipanga katikati ya uwanja. Kuni zilikuwa zimekauka mpaka ndani na zilishika haraka, karibu bila moshi. Kasika akafungua kitambaa cha kichwa, akakaa chini kwenye udongo mwekundu, akaita, "Joyeuse ee! Joyeuse wangu!" Sauti ilikuwa imekwama miaka yote, ikatoka ikikwaruza.

Syauswa alifika mbio, tayari amevaa nguo nyeusi. "Mama! Unawasha zile? Si ulisema..."

"Hii ni kilio cha Joyeuse. Ukae ama uende."

Syauswa ana mdomo, kila mtu anajua. Lakini siku ile hakuuliza tena. Alivua viatu, akakaa chini karibu na Kasika, akalia kweli kweli, maana Joyeuse alikuwa rafiki wa ujana wake na yeye pia hakuwa amemlilia. Providence akaja. Wengine wakaja. Walikaa mpaka kuni zikageuka makaa.

Ndipo Kasika akaenda kwenye rundo lake la mikaratusi, lile la kupikia, akachagua vipande vizuri. Akavifunga kwa ganda la mgomba, akauvaa mkanda wa kubebea kwenye paji la uso, akainama, akasimama na mzigo mgongoni. Falonne alichota makaa ya moto wa mama yake kwenye bati. Wakatoka, na wanawake wakawafuata.

Élise alikuwa amekaa chini kwenye sebule, mgongo kwenye kochi. Hakuwa analia. Alishika simu, na kwenye simu kulikuwa na picha aliyotumiwa na mume wake, rundo la udongo mpya na msalaba wa mbao. Alikuwa anaikuza picha kwa vidole, halafu anaipunguza, halafu anaikuza tena, kana kwamba mahali fulani katika udongo ule angeona kitu.

Kasika akashusha mzigo mlangoni. Kwa desturi mtu huingia akilia. Kilio hakikutoka. Akapiga magoti.

"Mama Jordy."

Élise hakuinua macho. "Nilikusikia ukiimba."

Kasika angeweza kusema ulikuwa wimbo wa kanisa. Hapo hapana ambaye angembishia.

"Ndiyo. Niliimba."

"Ulifurahi."

"Nilifurahi."

"Sana?"

"Sana. Sasa iko naniuma, Mama Jordy. Iko naniuma mubaya."

Élise aliikuza picha. "Ile simu, niliipiga juu ya mutoto. Joyeuse alikuwa amesha kuwa mubaya, niliona. Nikasema, walau mutoto."

"Ninajua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

Hapo Élise alimpiga. Alimpiga ngumi begani, mara moja, ngumi isiyo na nguvu. Halafu ngumi ile ikafunguka, ikashika kitenge cha Kasika, ikakivuta, na kilio ambacho hakikutoka tangu asubuhi kikatoka. Kasika akamshika. Sasa aliweza kulia jina la Jordy, na alilia, na halikuwa jepesi tena.

Falonne akaweka makaa uani na kupanga kuni, na moto ukawaka. Providence akachukua sufuria za Élise bila kuuliza zinakaa wapi. Syauswa alifagia sebule yote, kisha akaifagia tena.

Jioni ilipokaribia, Élise na Kasika walikuwa wamekaa kwenye mkeka mmoja mbele ya moto.

"Ule wimbo sijakusamehe," Élise akasema.

"Usiharakishe."

"Leo hapana."

"Leo hapana," Kasika akakubali.

Élise akasogeza kijiti ndani ya moto. "Joyeuse pale ku jipe. Kile alisema. Ulisikia?"

Kasika akageuka. "Injini ilikuwa inalia. Sikusikia."

"Miye nilikuwa karibu. Nilidhani ulisikia." Élise akafuta uso kwa kiganja. "Miaka hii yote nilidhani unajua."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Mama, maharagi iko naungua.'"

Kasika aliiona tena sufuria ile, nyeusi mpaka juu. Siku ile aliisugua kwa mchanga mpaka vidole vikatoka damu, halafu akaenda kuitupa kwenye shimo.

"Yaliungua," akasema. "Yote. Yaliungua yote."

Élise akamsogezea ncha ya kitenge alichojifunika. Falonne akaongeza kuni.